Moto Aliokuwa Akipima Waithera

Ulikuwepo kule Bahati Jumamosi ile tulipomzika Waithera, na uliangalia pembeni. Usinibishie. MC Jeff aliponinyang'anya maikrofoni, ghafla viatu vyako vikawa na matope ya kukaguliwa.

Mama yake Waithera alikuwa ameomba kitu kimoja kabla jeneza halijateremshwa: mtu amwambie kazi aliyokuwa akifanya binti yake miaka yote hiyo chuoni. Alijua neno "fizikia," basi. Mimi, niliyekua na kusoma naye, ndiye niliyesimama.

"Nderitu, tunakimbizana na mvua," Jeff aliniambia. "Hiyo stori yako ya kwaki itatulaza huku. Mheshimiwa anataka kusalimia watu."

Mheshimiwa akasalimia mpaka mawingu ya mlima Menengai yakatufikia. Jina la Waithera halikumtoka mdomoni hata mara moja.

Nikachuchumaa kando ya kiti cha mama yake. "Mama, unakumbuka kikaushio cha pareto?"

"Nisikumbuke aje? Nilikuwa nanukia maua hadi kanisani."

Ah, harufu ile! Mashamba meupe mpaka mtoni, mama zetu wakitaniana na vikapu mgongoni, na baridi ya asubuhi ikitusukuma sisi watoto nyuma ya kikaushio. Hapo ndipo Waithera alipookota kipimo cha joto kilichotupwa: nyaya mbili za metali tofauti, zimesokotwa ncha, na mita ndogo yenye mshale. Ukiiweka ncha kwenye makaa, mshale unasogea. Betri hakuna! Huku moto, kule baridi, umeme unaanza kutembea.

"Ndicho alichokuwa akihesabu, Mama. Ila makaa yake yalikuwa makali kuliko kitovu cha jua, mara laki moja hivi, kama moto wa mwanzo wa ulimwengu. Huko hata protoni inayeyuka, na kwaki, zile chembe zilizofungwa ndani yake, zinazurura. Zikipoa zinajifunga tena, tunaziita hadroni. Alitaka kujua upande mmoja ukizidi joto, umeme unatembea kiasi gani, kabla ya kuyeyuka na baada."

"Na unatembea?"

"Chembe na vinyume vyake vikitoshana, hapana, vinafutana. Lazima kimoja kizidi kingine."

Mama akacheka, machozi yakimteremka. "Kumbe huyu mtoto hakuwahi kutoka pale kwa kikaushio! Na mimi kila Krismasi namuuliza ataolewa lini."

Akasimama. "Pasta, ngoja kwanza. Jeff, leta hiyo kitu."

Jeff akaleta maikrofoni, mkia katikati ya miguu.

"Msichana wangu alikuwa akipima moto," akawaambia watu wote. "Moto wa mwanzo wa dunia. Nimeambiwa leo, na yeye amelala hapa. Sikuwahi kumuuliza."

Ndipo akaturuhusu kumteremsha.

Sasa wewe. Kuna mtu wako anayejifungia chumbani na mahesabu, awe Lanet, awe Rongai, popote. Unamwita mjeuri, mtu wa vitabu. Inuka hapo ulipo. Mgongee mlango, keti, umuulize anatafuta nini, na usiondoke mpaka umeelewa. Si Krismasi. Sasa hivi!