Jicho Lisilofuata Penseli

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akirudi nyumbani na kamera akakuambia anasomea filamu, usimfukuze. Mkaribishe, mpe chai. Lakini kabla hajalala mwulize: leo umeona nini? Na asikujibu kwamba ni picha tu. Mimi hakuna aliyenionya, ndiyo maana naandika.

Binti yangu ni kitinda mimba. Alipofika mwaka wa mwisho chuoni akachaguliwa kufanya mradi wa heshima. Alinieleza kwamba si kila mwanafunzi anaruhusiwa. Wenye alama nzuri tu ndio hupewa msimamizi, wakatengeneza filamu yao wenyewe, wakaiandikia maelezo marefu, kisha wakaitetea mbele ya watahini. Nikamwuliza filamu yenyewe itamhusu nani.

"Baba," akasema.

"Baba yupi?"

"Kwani ninao wangapi, mama?"

Baba yake ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Ukitoka jikoni unapita chini ya kamba za kuanikia nguo, unaanza kukanyaga maranda. Nikacheka. Nikamwambia wenzako huenda chuo kujifunza wasiyoyajua, wewe umezunguka kote huko ili urudi kusomea nyumba uliyozaliwa.

Basi kila mwisho wa juma akawa anakuja na mfuko wake mweusi. Anambandika baba yake kinasa sauti kidogo kama kifungo kwenye ukosi wa shati, waya unapita ndani mpaka kiunoni. Yeye anavaa hedifoni, anainama nyuma ya kamera, hasemi neno. Anayesema ni Kobe, mfanyakazi wetu wa kupaka vanishi. Tumempa jina hilo kwa sababu hajazaliwa mtu wa kumharakisha.

"Fundi, leo umechana nywele. Mambo ya kamera hayo."

"Nimechana kwa ajili ya mke wangu."

"Mkeo amekuona na matimutimu yako miaka yote na hajakimbia. Leo ndiyo unamchania?"

Hata mimi nikipeleka chai nilikuwa najiweka sawa kitambaa cha kichwa.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameacha kupima kwa futi. Alijichongea fimbo, akaikata alama za kisu ubavuni, akawa anapima kwa kidole gumba. Ukimwuliza, anakuambia mafundi wa zamani walipima hivyo. Kopo la vanishi na kopo la gundi alikuwa akiyanusa kabla hajayafungua. Nikasema huu ni uzee na madaha yake. Msimamizi wa binti yangu alipoonyeshwa zile picha alizipenda kupita kiasi. Akasema fimbo ile ndiyo roho ya filamu, asije akaiacha. Binti yangu aliniletea habari hiyo kama mtu anayeleta habari za msiba. Nikadhani ni uchovu wa masomo.

Kisha akaanza kuja hata siku za kazi. Akakonda. Picha alizopiga zikawa za mikono tu. Baba yake akiwasha msumeno wa meza, yeye husogea mpaka kwenye swichi, kamera mkono mmoja. Siku moja akauzima msumeno katikati ya ubao.

"Utaharibu mbao za watu," nikamwambia. "Na mbona unamsimamia baba yako kama askari?"

"Natafuta mwanga mzuri, mama."

Baba yake hakumgombeza. Alisimama tu na ubao wake mkononi, na Kobe, mtu wa maneno, akainamia brashi yake.

Chuoni kwao wana sheria: kila anayeonekana kwenye filamu lazima aione kabla ya watahini, na asipoitaka ana haki ya kukataa. Kwa hiyo mchana mmoja binti yangu akafunga mapazia ya sebuleni, akaweka kompyuta juu ya stuli, akanikalisha. Baba yake alikataa kuja, eti ana mlango wa kumaliza.

Mwanzo nilifurahi. Nilijiona na sinia la chai, natembea kama bata, nikacheka mwenyewe. Halafu uso wa mume wangu ukajaa kioo kizima. Alikuwa akichora mstari kwenye ubao. Picha ilikuwa karibu hivi kwamba niliziona nywele za nyusi zake moja moja. Penseli ikaenda, jicho halikwenda. Lilibaki pale penseli ilipoanzia, limetulia kama jicho la mtu anayesikiliza redio.

Picha ikahamia kwenye kamba za nguo. Hapakuwa na mtu, shuka zangu tu na upepo. Sauti zikaja, ya Kobe kwanza.

"Mama watoto umemwambia?"

"Nimwambie nini? La kushoto limezimika. La kulia natazama kama niko ndani ya bomba. Akijua atafunga karakana, na huyu mtoto ataacha mradi wake aje kuniuguza. Acha amalize kwanza."

Walikuwa wametoka kwenda kuongea pembeni, wakasahau kinasa sauti ukosini.

Zile shuka nazijua. Nilizichana matambara kabla mvua hazijaanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha.

"Uliyasikia siku hiyohiyo?" nikamwuliza.

"Hedifoni zilikuwa masikioni, mama."

"Ukanyamaza."

"Nilimfuata baba. Akaniapisha. Akasema nikikuambia, hatanifungulia tena mlango wa karakana."

"Na wewe ukaendelea kupiga picha."

Akawa anavuta uzi wa pazia. "Nilikuwa nasimama kwenye swichi kila nilipokuja."

"Na siku usizokuja?"

Kutoka nje tukasikia msumeno umewashwa.

Nilitoka bila viatu. Mume wangu alikuwa amenielekea, mlango wa karakana uko wazi, jua lote limeniangukia mimi. Nikauzima msumeno. Akainua uso.

"Nani huyo?" akaniuliza.

Hospitali tulikwenda sote. Daktari wa macho alimpima, akatueleza taratibu: presha ya macho huanza kula pembeni, mtu hasikii maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Angeanza matone mapema, yangelinda kingi. Sasa ni kuokoa kilichobaki. "Mlikuwa mnasubiri nini?" akauliza. Alituuliza kwa upole, ndiyo maana ikauma.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu aliyemfichua ni mtoto wake mwenyewe, naye alikuwa na ushahidi tangu shuka zikiwa kambani.

Ikabaki filamu. Msimamizi alisema bila sauti zile na bila lile jicho, mradi utapita kama kazi ya kawaida, heshima hatapata. Binti yangu akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu. "Ukisema niitoe sehemu hiyo, naitoa. Sitakulaumu."

"Itoe," nikasema.

Baba yake alikuwa amelala chali, matone ndiyo kwanza yameingia. "Mama watoto," akasema, "jicho nimeshapoteza. Unataka nipoteze na filamu?"

Nilikaa na hasira zangu siku nyingi. Mwishowe nikakubali, na mpaka leo sijui kama nilikubali au nilichoka.

Siku ya watahini, kwenye ukumbi wa chuo, tulimketisha mume wangu mbele kabisa. Taa zilipozimwa akanishika mkono. "Sasa kuna nini?" ananong'ona. Nikamwambia: sasa unachora mstari. Sasa ni shuka. Zilipokuja sauti hakuniuliza tena.

Mtahini mmoja, mama wa makamo, akamwuliza binti yangu: "Ulipokuwa ukipiga picha hizi, hukufikiria kuacha?"

"Nilifikiria kila siku," akajibu.

Wakaandika. Mimi nilikuwa na swali langu linalofuata hilo, lakini wanaoruhusiwa kuuliza ni walimu. Heshima akapewa, watu wakapiga makofi, na Kobe akalia mpaka watu wakadhani yeye ndiye baba.

Sasa mume wangu hukaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, anapiga msasa viti kwa kupapasa. Msumeno tumeukata waya.

Juzi binti yangu alikuja na kamera mpya ya kujaribu. Nilikuwa nachambua mchele. Lenzi ikazunguka, ikatulia kwenye mkono wangu wa kulia, haikuondoka. Nikaweka sinia chini.

"Umeona nini?"

Akazima kamera. Kwa hilo nilimshukuru Mungu. Akavuta stuli akakaa.

"Mama, huo mkono unatetemeka tangu lini?"

Nilitaka kumwambia ni baridi. Neno lilishafika mdomoni. Nikamtazama baba yake pale mlangoni, ameinua kichwa anasikiliza jibu langu.

"Sijui," nikasema. "Labda tangu mvua."