Laini ya Mwisho ya Bibi Mikwaruzo

Kabati thelathini na sita za mitambo ya simu zilijaa ukumbini, na aliyezijua moja moja alikuwa fundi peke yake. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wametawanyika, wenzake wa kazi wamestaafu mmoja baada ya mwingine. Akabaki na ngurumo za feni.

"Ya kale ni dhahabu, mzee," bosi alimwambia, "lakini hii dhahabu yako inakula umeme kuliko jengo zima. Ijumaa nataka ukumbi mweupe, usibaki na kitu."

Mtambo mpya ulikuwa umeshafika, na haukuzidi kimo cha friji.

Basi fundi akaanza kufungua. Siku nne alikata waya na kusukuma vyuma kwa mkokoteni. Hata daftari la wateja alilifunga kamba kwa mikono yake, likapakiwa na chakavu. Ijumaa asubuhi ilibaki kabati moja, na ndani yake laini moja tu iliyokuwa hai.

Laini hiyo ilikuwa ya Bibi Mikwaruzo. Jina hilo alimpa fundi mwenyewe. La kweli hakuwahi kuuliza. Miaka mitatu, kila siku ya kazi saa tatu kamili, bibi alipiga dawati la hitilafu kulalamika kwamba simu yake inakwaruza. Fundi akipima, anaikuta laini safi kabisa. Hakumwambia. Angemwambia, bibi angepiga kwa sababu gani tena? Na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemuuliza fundi kama amekula.

Saa tatu simu ikaita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo inakwaruza kweli kweli."

"Bibi, leo naizima. Moja kwa moja."

"Najua. Barua ya kuzimwa simu za waya nililetewa tangu mwaka jana. Mjukuu wangu kaninunulia simu ya mkononi, ninayo hapa mfukoni."

"Sasa mbona unahangaika na hii?"

"Wewe nawe! Haijakwaruza tangu ulipoitengeneza ile mara ya kwanza. Siku ile ulinishukuru kwa kupiga, ukashukuru tena, mpaka nikaona haya. Nikajisemea, huyu hana anayempigia. Na mimi humu ndani nazungumza na masufuria."

Fundi alicheka, akachukua koleo.

"Haya, zima, bosi wako asije akakugombeza. Umekula?"

"Nimekula, bibi." Alikuwa hajatia kitu kinywani.

Akaweka simu chini. Mazoea yana taabu: kwa miaka thelathini, mteja akishakubali, mkono wa fundi hukata waya. Koleo likauma, taa ndogo ya kijani ikazimika. Hapo ndipo akili ilipoufikia mkono. Namba ya ile simu ya mfukoni hakuiomba, wala yake hakumpa. Jina hakulijua, nyumba hakuijua.

Akampigia mwenye gari la chakavu kuulizia daftari.

"Makaratasi? Tulichoma juzi, mzee."

Jumatatu ukumbi ulikuwa mweupe, na mtambo mpya haukutoa hata sauti. Fundi alikuja na mkate na chai ya chupa, akakaa sakafuni palipokuwa dawati la hitilafu, akala mpaka akamaliza. Ilipotimia saa tatu akasema kwa sauti, "Nimekula, bibi," na safari hii ilikuwa kweli.