Birika la Bwana Obeid

Mito ilikuwa miwili, na yote miwili ilinuka. Mmoja ulipita chini ya dirisha, mweusi kwa maganda ya miti yaliyotupwa na viwanda vya mbao vya Elburgon, ukiburura povu la rangi ya chai iliyochacha. Mwingine ulikuwa chini ya kichwa cha Kuluthum, nao ulinuka mafuta ya nywele za wageni waliokwisha kupita hapo, pengine na za wengine waliokwisha kuzikwa. Aliusukuma kwa ncha ya kidole mpaka ukaanguka sakafuni, akalalia mkono wake mwenyewe mpaka kulipokucha.

Si kwamba nyumba ile ya wageni haikuwa na jina. Marehemu babake Obeid, mwenye nyumba wa sasa, aliijenga kwa mbao za mtarakwa wakati reli ilipokuwa bado mpya, nusu yake ikisimama kwa nguzo juu ya ukingo wa mto, na Waislamu waliokuwa wakisafiri kwenda Molo na Kisumu walijua kwamba hapo watakula halali na kulala kwa heshima. Mzungu mmoja aliwahi hata kuja kuipiga picha. Lakini picha haina harufu. Haikuonyesha mkojo wa popo uliochora mistari ukutani, wala kunguni waliojaa kwenye nyufa za mbao, wala taulo moja lililoning'inia ukumbini kwa nyuso za wageni wote, gumu kwa uchafu. Kando yake palikuwa na kitana chenye nywele za mtu. Kuluthum alipita mbali nacho, kama kingeweza kumrukia.

Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao Bondeni, mjini Nakuru, ilifahamika: hanywi kwenye kikombe cha mtu, hali sinia moja na watoto, na ukimletea embe lililomenywa atataka kujua mikono yako ilikuwa wapi. Wifi yake Kinsi alimwita Malkia wa Sabuni, wala hakusema kwa mapenzi. Tangu atoke eda ya mumewe, Kuluthum alikuwa akiishi kwa kaka yake Miraji, akilala mkeka mmoja na mabinti wa kaka, mguu wa huyu mbavuni na kiwiko cha yule shingoni. Posa ya Obeid ilipofika, watu wa nyumba nzima walimshukuru Mungu kwa sauti.

Kuluthum ndiye aliyeshikilia kwamba atakwenda kwanza kuona anakoolewa, ale huko, alale huko, ndipo aseme ndiyo au la. Ami yake, mzee Abdisalam, akajitolea kumsindikiza. Wakapanda treni, wakakaguliwa vipande vya kitambulisho njiani kama watu wote wa miaka ile ya hali ya hatari, wakafika Jumatano jioni. Ijumaa asubuhi wangerudi, na jibu lilikuwa litolewe kabla ya hapo. Akikataa, mkeka wa Bondeni ulikuwa unamngoja.

Kitu kimoja tu mle ndani hakikumtia kinyaa, nacho ni Obeid mwenyewe. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pe, kucha zake fupi, na alipopita aliacha harufu ya udi. Kuluthum alimtazama akajiambia kwamba mwanamume safi kiasi hiki amekosa mke tu. Nyumba huoshwa.

Makosa yalianza na ulimi wa Kuluthum mwenyewe. Jioni ile ya kufika, mpishi aliwaletea chai ndani ya sufuria nyeusi kwa masizi, akataka kuwamiminia mezani. Kuluthum alirudisha kikombe.

"Kwani nyumba hii haina birika?" aliuliza. "Chai hailetwi mbele ya wageni kwa sufuria."

Mpishi huyo, Cheptanui, mama wa makamo kutoka upande wa Londiani, alikuwa mgeni bado katika kazi hiyo. "Nitatafuta, mama," alisema.

Na kweli, Alhamisi asubuhi birika lilikuja, la bati jeupe, linang'aa, limetuama katikati ya sinia. Obeid aliinuka kumpokea Cheptanui mlangoni, wakasemezana kidogo kwa sauti ya chini, kisha akarudi kitini. Cheptanui alilishika birika kwa kitambaa, akamimina. Kikombe cha Obeid kilipofikiwa, Obeid alikifunika kwa kiganja.

"Niwieni radhi," alisema. "Leo Alhamisi. Nimefunga."

Mzee Abdisalam aliitikia kwa kichwa, amependezwa. Kuluthum naye aliguswa. Mwanamume anayefunga sunna pasipo kuonwa na watu, huku porini kwenye baridi! Alikunywa. Chai ilikuwa nzito kwa maziwa, imeiva kwa moshi wa kuni na tangawizi, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni koo lake lilikubali kitu bila kubishana.

"Ami, hii ndiyo chai," alisema, akaomba kikombe cha pili.

Obeid alimtazama akinywa. Alitabasamu. "Kunywa, bibi, kunywa. Hapa ni kwako."

Asubuhi yote Kuluthum alizunguka nyumba ile akiipanga moyoni. Mito ya kulalia ichomwe. Magodoro yaanikwe, kuta zipakwe chokaa, popo wafukizwe. Alijiona amesimama barazani juu ya maji, na chumba ambacho ufunguo wake anao yeye. Ilipofika alasiri alikuwa amekwisha kupata jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Akashuka jikoni kutafuta chai iliyobaki.

Birika lilikuwa kando ya meko. Alilishika mkono, na kiganja chake kikakumbuka kabla yake.

Waya. Mkono wa birika ulikuwa umezungushiwa waya, na ncha ya waya ule ilichoma chini ya kidole cha shahada. Jana magharibi, gizani, amefumba macho na kanga puani, alipapasa kando ya tundu la choo akitafuta chombo cha maji ya kujisafishia. Kwingine huwekwa kopo. Hapa palikuwa na birika. Mkono wake ulikuwa na waya, na ncha ilimchoma hapo hapo.

Alikimbilia mlango wa nyuma akautapikia mto. Alitapika mpaka akabaki anakohoa machozi, kisha akarudi ndani kwa hasira.

"Cheptanui! Birika hili umelitoa wapi?"

"Huko nyuma, mama. Ilikuwa inakaa tu chini, kando ya choo. Niliona kama imetupwa."

"Ni la chooni!"

Cheptanui alijishika mdomo. "Woi! Nani anaweka birika choo?" Macho yalimjaa maji. "Mama, mimi niliosha na majivu. Nikachemsha maji ndani, nikamwaga, nikachemsha ingine. Mara tatu. Ni wewe ulisema unataka birika."

Kuluthum alikuwa na tusi tayari. Aliitazama mikono ya yule mama, imepauka na kupasuka kwa majivu, tusi likakosa pa kutokea.

"Na mzee hakusema ni mbaya," Cheptanui aliendelea. "Aliniuliza pale mlango, hii umetoa wapi? Nikamwambia, kule kwa choo. Akasema, basi, peleka tu, wageni wanangoja."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mama. Ni yeye hakukunywa."

"Amefunga."

Cheptanui alishangaa waziwazi. "Amefunga nini? Saa sita alikula hapa hapa. Mahindi ya kuchoma na maziwa." Akaonyesha kwa kidevu. Magunzi mawili yalikuwa kando ya kigoda, yametafunwa vizuri, safi, hayana hata punje.

Kuluthum aliyatazama kwa muda mrefu. Aliliona lile tabasamu. Kunywa, bibi, kunywa.

"Nipe majivu," alisema mwishowe. Akapandisha mikono ya gauni, akachuchumaa, akalisugua birika lile kwa mikono yake mwenyewe, nje na ndani, mpaka kwenye mdomo wake mwembamba. Cheptanui alichemsha maziwa.

Adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikiti wa mabati, watatu walikuwa mezani. Sinia ilikuja na tende, na birika katikati. Kuluthum mwenyewe alimimina. Mzee Abdisalam alisogeza kikombe.

"Mwenye saumu kwanza, ami," Kuluthum alisema, akakisukuma kikombe kilichojaa mbele ya Obeid. "Futuru, Bwana Obeid. Umeshinda na njaa."

Obeid alilitazama birika. Alimtazama Cheptanui mlangoni. Angesema chombo kile ni cha wapi, angeulizwa amejua tangu lini.

"Mimi hufungua kwa maji," alisema.

"Maji ya hapa ni ya mtoni. Hii imechemshwa."

"Kunywa, bwana," Abdisalam alihimiza. "Adhana imekwisha."

Jasho lilimtoka Obeid chini ya kofia, na udi wake ukaanza kunuka vingine. Kuluthum alijimiminia. Alikiinua kikombe akanywa, taratibu, macho yake hayabanduki usoni mwa yule mwanamume, mpaka chini.

"Haya, mwanangu," ami yake alisema, akiwatazama kwa zamu bila kuelewa. "Mwenyeji wetu anangoja jibu."

"Na mimi namngoja yeye, ami. Amalize kikombe."

Nje, mto ulipita na povu lake. Chai ya Obeid ilianza kushika utando juu. Kuluthum alifikiria mkeka wa Bondeni, mguu mbavuni, kiwiko shingoni, na sauti ya Kinsi asubuhi. Akajimiminia cha pili.