Kikombe cha Marehemu

Cuiyun alikuwa akimwonea wivu mtu aliyekwisha kufa. Aibu, alijua, lakini moyo ungefanywaje?

Tangu waoane, kila asubuhi Boming, mumewe, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha kauri ya kijani ya hapo kwao Longquan, anakijaza chai, anaiacha ipoe, kisha anaimwaga. Hanywi yeye, wala hampi mtu. Halafu anakisuuza kwa maji ya moto matupu, sabuni mwiko, na kukipangusa kwa kitambaa taratibu utadhani anamfuta mtoto machozi. Kikombe kilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, za urembo, na chai ilivyozidi kupenya zikageuka nyuzi za dhahabu. Ndivyo kikombe kinavyolelewa.

"Cha nani hicho?" aliwahi kuuliza.

"Wewe kiache tu," Boming akajibu, akageukia pembeni.

Basi, cha nani tena kama si cha Yinhua, mke wa kwanza? Na kilichomkata maini Cuiyun ni chai yenyewe, ile nyekundu ya shambani kwa baba yake. Yaani chai ya kwao ndiyo ya kumnyweshea yule!

Jirani yake Peilan naye hakusaidia. "Shoga, humo ndani mko wangapi? Mwenzio naona anaandaliwa chai kila siku, wewe unajipikia."

Cuiyun akacheka, kicheko cha jino pembe.

Asubuhi moja Boming alipotoka, Cuiyun alikitumbukiza kikombe kwenye dawa ya madoa. Nyuzi za dhahabu zikafifia, zikapotea kabisa. Akakirudisha mezani, roho kwatu.

Boming alirudi na kijisanduku cha hariri. Alipokiona kikombe, akakaa chini.

"Umekifanya nini?"

"Nimekiosha. Kama unamlilia Yinhua, kamlilie kaburini, si mezani kwangu."

"Yinhua nilimzika na kikombe chake," Boming akasema polepole. "Hiki nilikinunua ulipokubali nikuoe. Baba alimlelea mama kikombe mwaka mzima, kwa chai ya kwao mama, ili asijione mgeni nyumbani kwetu. Mwaka wetu umetimia leo."



Boming akakipangusa kikombe kwa kitambaa kilekile, akakilaza ndani ya hariri, akamsogezea.

"Chukua," akasema. "Ni chako."