Gauni Lisilo na Mwenyewe

Bi Kijakazi alitia mkono katika mkoba wa binti yake kutafuta sindano, akatoka na karatasi. Ilichorwa kwa penseli: gauni refu la kuburura, shali iliyopishana kifuani, na kofia ya kitambaa iliyotokeza mbele kama upenu wa nyumba, utepe umefungwa chini. Ndani ya kofia mtupu. Si jicho, si pua.

Mwanawema, bintiye, alikuwa akishona kwa Bibi mmoja wa misheni, wale Wazungu wanaojiita Marafiki. Jirani yao Bi Mize alishamwonya: "Mwenzangu, chui hamlishi mbuzi bure. Watamvisha nguo yao, kisha dini yao." Siku ile Kijakazi alicheka. Leo alijiuliza pengo lile linangoja uso wa nani.

Alasiri Mwanawema akarudi, akamkuta mama yake anapepeta mchele.

"Kitendawili," akasema mama, hakuinua kichwa.

"Tega."

"Kavaa kofia, hana kichwa."

Mwanawema akautupia jicho mkoba ukutani. "Sijui. Nakupa mji."

"Hata hujafikiri. Mji gani?"

"Wete."

"Haya. Nilikwenda Wete, wakanitandikia mkeka, wakanilisha pweza. Wakaniuliza, mwanao yu wapi? Nikawajibu, yuko kwa Wazungu anashonewa dini." Akaitoa karatasi mapajani, chini ya ungo.

Mwanawema akakaa chini. "Si yangu, mama. Wazee wao ndivyo walivyovaa zamani. Bibi anayo picha ya marehemu mama yake, anataka naye avae gauni kama lile kabla hajafa. Picha haitoki sandukuni, ndiyo nikachora."

"Umechora wewe?"

"Mie."

"Na uso umeuacha wapi?"

"Maalim wa Kurani chuoni alitufunza nini? Chenye roho hakichorwi. Nikamwambia Bibi, nguo nitachora, mtu simchori. Akanyamaza, maana wale hata kusali husali kwa kunyamaza, kisha akasema vyema."

Kijakazi alipumua. Mtoto hajapotea, basi. Lakini mtu asiye na jambo hatoi mji upesi vile.

"Mbona umenificha?"

"Ungenikataza kwenda."

"Ningekukataza." Akapepeta kidogo, akatoa chuya moja, akaitupa. "Na gauni hili la mfano wa mama yake likisha, ataagiza la nani?"

Mwanawema akaichukua karatasi, akaikunja.

"Kesho tunakwenda sote," akasema mama. "Nitakaa pembeni, simsumbui mtu."

"Kila siku, mama?"

"Mpaka gauni liishe, na nimwone mwenyewe kalivaa."