Vichwa vya Isidore

Misenga fundi cherehani alikuwa na mdomo mwepesi, na mbele ya kina mama wote wa soko la Kindu mdomo huo ukamponza. Mama Bernadette, mkubwa wa chama chao, alikuwa anatafuta pambo la kwenda na kitenge cha sare siku ya wanawake, siku ile ya kupita defile, yaani gwaride, mbele ya wakubwa. Mwaka uliopita kina mama wa ofisini walipita na mikoba ya kufanana, wakawacheka wauza sombe, wale wa majani ya muhogo, hadharani. Safari hii Mama Bernadette alitaka makava ya simu, ili kila mama ainue simu yake juu wakati wa kupita.

"Waziri wa duka la simu iko nayo ya maua," alisema. "Yanang'aa sana."

"Maua ya plastiki!" Misenga akaruka. "Kwani tumekuwa makaburi? Yaya yangu Isidore atawachorea vichwa vya zamani. Vile vya nyuzi, vile vya afro, vile mulikuwaga munasuka mukiwa wasichana. Na redio kaseti begani!"

Vigelegele vikapasua soko. Misenga naye akapiga chake, halafu akakumbuka kwamba yaya huyo, kaka yake mkubwa, hajashika brashi tangu wakati wa vita. Loo! Ulimi hauna mfupa.

Watu wazima wa mtaa wa stesheni wanamkumbuka Isidore wa enzi zake. Baba yao alitoka Kasai kufanya kazi ya reli, lakini kijana aliikataa reli, akafungua kibanda cha kunyoa. Nje akatundika ubao aliouchora mwenyewe: vichwa vya wavulana na wasichana, kila kimoja na mtindo wake, macho yote yanakutazama wewe. Vita vikaja, mji ukazingirwa, muhogo wa Kailo hauingii, samaki wa Lokandu hawafiki. Watu wakawa wanakuja kibandani kukaa tu. Betri za redio kaseti zilianikwa juu ya bati zipate jua. Zikiamka kidogo, watu wanacheza nusu ya wimbo, zikizima wanangoja tena. Njaa ilikuwa njaa kweli, lakini mbele ya ubao ule mutu alijiona bado ni mutu.

Basi kamanda mmoja akaja akataka kichwa chake kichorwe katikati, kikubwa kuliko vyote. Isidore akamchora kama alivyo, na upara wake wote, maana kudanganya kwa rangi hakujifunza. Askari mmoja akacheka. Ilitosha. Ubao ukapasuliwa kwa shoka palepale, wakaupikia maharagwe, na Isidore akalazimishwa kuchochea moto.

Ndipo alipokwenda kwenye machimbo ya Kama kuchimba dhahabu, akazeekea huko. Juzi shimo lilianguka likafukia wenzake, yeye akavutwa nje akiwa na udongo hadi puani. Alikuja Kindu kupumzika, na sasa, kichaa yule, alikuwa anafunga safari ya kurudi. Gari lilikuwa liondoke siku ileile ya defile. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla Misenga moyo, si makava. Kaka alikuwa naye huyo mmoja tu.

"Misenga," Isidore alisema alipoisikia habari, "vichwa vyangu vilipika maharagwe."

"Chora vingine, yaya. Ukishindwa, nitakubebea mufuko mpaka kwenye gari."

Akakubali, labda ili amnyamazishe tu. Misenga akanunua kwa Waziri makava ya plastiki yanayoonyesha mgongo wa simu. Rangi ingepakwa kwa ndani, vidole visije vikaibandua. Isidore akakaa mbele ya kibanda cha dada yake, akaanza kama alivyozoea kwenye mbao: kwanza bluu ya nyuma pote, halafu uso, halafu nywele, mwisho kabisa macho. Saa za asubuhi zikapita anapiga mluzi. Misenga alichungulia akaona msichana mzuri wa zamani, akamshukuru Mungu mapema mno.

Kava likavishwa simu, likageuzwa. Bluu. Bluu tupu! Msichana alikuwa amefichwa nyuma ya mbingu yake mwenyewe.

Waziri, aliyekuwa anapita, akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaya Isidore, hii njo kichwa cha nani? Cha Mungu?"

Isidore alifuta mikono, akaingia ndani kufunga mufuko wake.

Hasira zikampanda Misenga, na machozi yakafuata nyuma. Akanyakua gauni lililokuwa kwenye cherehani, akamfuata nalo.

"Tazama! Mimi nashona nguo kwa ndani kila siku ya Mungu. Na wewe unachora kwa ndani. Cha mbele njo unaanza nacho! Anza na ile nukta nyeupe ya jicho, bluu iwe ya mwisho."

"Jicho bila uso? Nitajua namna gani liko wapi? Nikikosea, siwezi kufunika."

"Basi usikosee! Watu hawa uliwachora, uliwatazama wakicheza. Sura zao ziko ndani yako ao haziko? Kama haziko, twende, nipe huo mufuko!"

Isidore akarudi nje, akachukua kava jipya, akafumba macho, akayafumbua. Akaweka nukta mbili nyeupe. Akaweka weusi wa macho. Ukaja mdomo, yakaja mashavu, zikaja nywele za nyuzi zilizosimama juu ya kichwa, redio kaseti begani, na mwisho kabisa bluu ikafunika kila kitu. Safari hii hakupiga mluzi.

Alipogeuza kava, Mama Bernadette wa miaka ile, mwembamba, mtundu, alikuwa anawatazama. Misenga akapiga ukelele, majirani wakadhani nyoka.

"Nilifikiri viliungua vyote," Isidore alisema.

Mama Bernadette alipojiona alijishika mdomo. "Watu wanakufa Kama wakitafuta dhahabu," alisema, "na ya kale njo dhahabu!" Toka hapo kina mama wakapanga foleni, kila mmoja akitaja nywele za usichana wake, na Isidore akiwarekebisha: "Hapana, mama, wewe ulikuwaga na za kulala upande."

Lakini kubaki hakusema. Asubuhi ya defile mufuko wake ulikuwa umeshapakiwa garini, na Misenga hakuthubutu kuuliza. Walisimama wote wawili kando ya barabara. Kina mama wa ofisini wakapita, wazuri, wamenyooka. Kisha fanfare, bendi ya matarumbeta, ikabadili mwendo na soko likaja. Mbele ya jukwaa Mama Bernadette akapaza sauti, simu zote zikapanda juu, na Kindu ikajiona: wasichana wote wa kabla ya njaa, wale wa afro, wale wa nyuzi, wamerudi wanacheka. Watu wazima wakaanza kuitana majina ya zamani. Mwanamume mmoja mwenye mvi alilia bila kujificha. Hata wakubwa jukwaani walisimama, na kina mama wa ofisini walivunja mistari yao kuja kutazama.

"Nani alichora? Nani alichora?"

Mama Bernadette akatoka kwenye mstari, akamshika Isidore mkono, akamvuta katikati ya barabara. Mwanamume peke yake kati ya vitenge vyote vile, alitembea kwanza kwa aibu, kisha akainua kichwa.

Honi ikalia pembeni. "Isidore!" dereva wa gari la Kama aliita. "Tunaondoka! Unapanda ao hupandi?"

"Nenda!" Isidore akapaza sauti juu ya fanfare. "Nitupie mufuko chini, mimi niko na kazi!"

Mufuko ukaanguka vumbini na koleo lake la kuchimbia ndani, na katika watu wote wale hakuna aliyekwenda kuuokota.