Ng'ombe Themanini na Wawili kwa Kura Tano

Marlys Haugstad alikuwa mzito wa maneno tangu utotoni, na miaka thelathini na mmoja ya kuendesha basi la shule haikumfundisha kupiga porojo. Akitaka watoto wanyamaze, aliwatazama tu kwenye kioo, na wakanyamaza. Ndiyo maana mji wote wa Lindrud ulishangaa kumwona, mwaka wa pili baada ya kustaafu, akigonga milango ya watu na kuomba kura.

Hakuwa akijiombea. Alimwombea Twyla Reinke, mama wa watoto watatu aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la chakula cha mifugo, na ambaye zamani alikuwa mtoto wa basi lake, yule wa kituo cha tisa aliyelia kila Jumatatu. Twyla aligombea kiti cha bodi ya shule dhidi ya Gordon Stech, muuza matrekta, aliyekikalia kiti hicho miaka kumi na miwili hadi akadhani ni cha urithi. Stech alitaka shule ya Lindrud ifungwe na watoto wapelekwe Harmon, maili thelathini na saba. Wajumbe wengine wanne walikuwa wamegawanyika wawili kwa wawili, kwa hiyo atakayeshinda kiti hicho ndiye angeamua.

Kwa Stech, maili thelathini na saba zilikuwa tarakimu kwenye karatasi. Marlys alizijua kwa theluji na ukungu, na kwa watoto wa miaka sita wanaojikojolea kwa sababu dereva hana pa kusimama. Jioni moja alimbeba mmoja hadi mlangoni kwao, amelala fofofo na buti zake miguuni, na hasira ya siku ile haikuwahi kumtoka.

Siku ya uchaguzi, Jumanne ya Aprili yenye tope hadi vifundoni, alivaa fulana ya njano yenye jina la Twyla na kuwasha pikapu yake tangu asubuhi. Alibeba wazee, alibeba wenye magongo, alimbeba hata mwalimu wake wa zamani aliyemkosoa njia nzima jinsi anavyokata kona. Kura yake mwenyewe aliiahirisha. Kila aliposhusha watu kwenye ukumbi wa mji alijiambia kuwa atapiga akimaliza safari, kwa sababu maisha yake yote dereva ndiye aliyeshuka mwisho.

Ilipofika saa kumi na moja jioni ilibaki nyumba moja, kwa akina Voght. Palikuwa na kura tano pale: mzee Harlan, mkewe Doreen, wana wao wawili na mke wa mkubwa. Lakini walikuwa na ng'ombe themanini na wawili, kibarua wao alikuwa ameacha kazi wiki hiyohiyo, na ukamuaji wa jioni ungekwisha saa mbili, saa ileile kituo cha kura kinapofungwa. Isitoshe, getini kwao kilisimama kibao cha Stech kikubwa kama mlango.

Harlan alikuwa ndiyo kwanza anawasha mashine za kukamulia. Hata hakugeuka.

"Kama umekuja kuomba kura, geuza gari. Ng'ombe hawana siasa."

"Nimekuja kukamua," Marlys alisema. "Nenda mjini na watu wako, nitawamalizia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Marlys alikuwa ameshakunja mikono ya fulana, na alivyomfuta ng'ombe wa kwanza chuchu ilionekana wazi kuwa hakujifunzia kwenye basi.

"Na nikimpigia Stech?"

"Mpigie. Hiyo ni yako na karatasi yako. Ila huyo mjukuu wako Edie anaanza shule Septemba. Basi la Harmon litapita hapa saa kumi na mbili kasorobo, na mtoto atakaa dirishani anatazama giza mpaka ajisikie kutapika. Mimi nimewafuta wengi, Harlan. Wa kwako sitakuwepo kumfuta."

Harlan alitundika aproni yake msumarini, akawaita wanawe.

Marlys alikamua peke yake zaidi ya saa mbili. Mgongo ulimwaka, na ng'ombe mmoja mwenye doa jeupe alimlenga teke la goti. Akina Voght walichelewa kwa sababu foleni ilikuwa imetoka nje ya ukumbi hadi kituo cha mafuta, na waliporudi walibaki ng'ombe wanane tu. Wanawe walichukua mashine. Harlan alimtazama Marlys, akatazama saa ya ukutani iliyosoma saa mbili kasoro ishirini na tano.

"Wewe umepiga saa ngapi?"

"Bado," Marlys alisema, akitoa ufunguo wa pikapu mfukoni.

"Ingia garini," Harlan alisema. "Lete huo ufunguo. Leo wewe ni abiria."

Alimwendesha kwenye tope lile kwa mwendo ambao Marlys angemfukuzia kazi dereva yeyote. Mlangoni pa ukumbi msimamizi Irene, waliyeimba naye kwaya miaka ishirini, alinyoosha kidole kwenye fulana. Jina la mgombea haliruhusiwi ndani. Marlys alikimbilia chooni, akaigeuza ndani nje, mavi ya ng'ombe yakamgusa tumboni, na akasimama foleni zikiwa zimebaki dakika mbili. Alikuwa mtu wa mwisho kupiga kura Lindrud.

Walihesabu kwa mkono, mbele ya kila aliyetaka kuona. Irene alivaa miwani na kusoma: Stech mia mbili na kumi na tatu, Reinke mia mbili na kumi na saba.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Twyla alilia kama Jumatatu zake za zamani, akamkumbatia Marlys bila kujali harufu.

"Bi Marlys, umenifikisha," alisema, na Marlys, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtoto wa basi lake, alilia.

Akiwa bado anajifuta alipiga hesabu. Wameshinda kwa kura nne. Toa yake, toa zile tano za akina Voght kama zilikwenda kwa Twyla, na Stech angekuwa mbele kwa mbili. Aligeuka kumtafuta Harlan, akamkuta mlangoni anazungusha kofia mkononi.

"Yule wa doa jeupe amekupiga?"

"Amenipiga."

"Hupiga kila mtu." Mzee alivaa kofia. "Kesho ukipita kwangu, kile kibao cha getini king'oe. Mimi mgongo unauma."

Marlys alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Lindrud haikuwahi kukisikia kwake, akamnyang'anya ufunguo. Safari ya kurudi aliendesha mwenyewe.